Nyota ya Mashuke: jina la shambani lililosafiri kutoka Babeli

Ukifungua ukurasa wa "nyota zako" kwenye gazeti la Kiswahili unakutana na orodha uliyoizoea tangu utotoni: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki. Marehemu Sheikh Yahya Hussein aliyafanya majina haya yajulikane hata na watu ambao hawajawahi kutazama angani kwa makusudi. Leo sizungumzii kama utabiri wa gazeti ni wa kweli. (Kwa ufupi: kila ulipopimwa kisayansi haukufaulu. Tuendelee.) Nataka tuyaangalie majina yenyewe, na hasa moja.

Mashuke.

Hebu jiulize. Simba tunamwelewa, nge tunamwelewa, hata mizani. Lakini waliozaliwa kati ya tarehe 23 Agosti na 22 Septemba wamepewa mashuke ya nafaka! Mzungu akiitaja nyota hiyohiyo anasema Virgo, yaani mwanamwali. Sisi hatuna mwanamwali, tuna mashuke. Na mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa shuke ni nini: ni kile kichwa cha mtama au uwele kinachobeba punje, kile unachokilinda kutwa nzima dhidi ya kweleakwelea kuanzia kinapoanza kukomaa. Sasa nani alipandisha mashuke mbinguni, na yamefikaje kwenye gazeti la Dar es Salaam?

Jibu liko kwenye udongo. Udongo kweli, siyo mfano wa maneno. Katika nchi iliyo kati ya mito Tigri na Frati, Iraq ya leo, waandishi walichukua bonge la udongo mbichi, wakalisawazisha likawa kama kipande cha sabuni, wakachapa alama kwa ncha ya utete, kisha wakaliacha likauke. Mabonge ya namna hiyo yamebaki kwa maelfu na yapo kwenye majumba ya makumbusho. Moja ya maandishi yaliyonakiliwa mara nyingi ni orodha ya nyota inayoitwa MUL.APIN. Inakadiriwa ilikusanywa yapata mwaka 1000 KK, na nakala ya zamani zaidi yenye tarehe ni ya karne ya 7 KK.

Jina la orodha hiyo limetokana na maneno yake mawili ya kwanza. MUL ni "nyota". APIN ni jembe la kukokotwa na ng'ombe, plau tuseme. Yaani kitabu mashuhuri kuliko vyote vya nyota vya Babeli kinaanza na jembe. Na jembe hilo lina mahali pake angani: ni nyota chache zilizo upande wa kaskazini, ambazo ramani za leo huziita Pembetatu, pamoja na nyota moja ya jirani.

Endelea kushuka kwenye orodha hadi kwenye AB.SIN. Maana yake ni mfuo, ule mstari unaochimbwa na plau tayari kupokea mbegu. Na maandishi yanaongeza maelezo: ni mfuo wa mungu wa kike aitwaye Shala, ni shuke la nafaka. Kwa Kiakadi, lugha ya Babeli, neno lililotumika hapo kwa shuke ni *shubultu*.

Hapa ndipo utamu ulipo. Kiakadi ni ndugu wa Kiebrania na Kiarabu, kama Kigogo kilivyo ndugu wa Kiswahili. Kiebrania kwa shuke kinasema *shiboleth*. Kama umesoma Biblia unalikumbuka neno hilo kutoka Waamuzi 12: watu walisimamishwa kwenye vivuko vya Yordani wakaambiwa walitamke, na aliyesema "siboleth" akauawa papo hapo. Walikuwa wanatamkishwa "shuke". Kiarabu nacho kinasema *sunbula*. Na vitabu vya falaki vya pwani yetu, vilivyofuata elimu ya Kiarabu, vinaliita kundi hili la nyota Sumbula. Shubultu, shiboleth, sunbula, Sumbula, Mashuke. Magazeti yetu yalichofanya ni kulitafsiri tu neno la Kiarabu kwa Kiswahili cha shambani.

Safari yenyewe naipitia haraka. Mnamo karne ya 5 KK Wababeli waligawa njia ya Jua angani katika sehemu 12 zilizo sawa, kila moja nyuzi 30, na kila sehemu ikachukua jina la kundi la nyota lililokuwa hapo. Alexander aliiteka Babeli mwaka 331 KK, na baada ya hapo elimu hiyo ikamiminika kwa Wagiriki. Ptolemy wa Alexandria akaiandika kwa utaratibu katika karne ya 2 BK. Karne ya 9 wasomi wa Baghdad wakakitafsiri kitabu chake kwa Kiarabu, na mwaka 964 Abd al-Rahman al-Sufi akatoa kitabu cha makundi ya nyota chenye michoro ambayo watu walinakili kwa karne nyingi. Kutoka hapo ni majahazi, madrasa na maalim, mpaka pwani yetu. Ukitazama ramani utacheka: elimu imetoka Iraq, ikaenda Ugiriki na Misri, ikarudi Iraq, ndipo ikashuka kwetu.

Njiani Wagiriki walimweka mwanamwali mahali pa Shala, lakini hawakumnyang'anya nafaka. Kwenye michoro yao amelishika shuke mkononi, na nyota inayong'aa zaidi hapo inaitwa Spica, neno la Kilatini lenye maana ya, ndiyo, shuke. Ulaya ikabaki na mwanamwali. Waarabu walikuwa na majina yote mawili, la mwanamwali na la shuke. Sisi tukabaki na shuke. Kwa maoni yangu gazeti letu la Kiswahili liko karibu zaidi na Babeli kuliko gazeti la London, na hilo halisemwi vya kutosha.

Majina mengine yana visa vyake. Ile tunayoiita Punda, na Waarabu huiita Hamali yaani mwanakondoo, kwenye orodha ya MUL.APIN haikuwa mnyama kabisa. Ilikuwa LU.HUN.GA, mtu wa kuajiriwa. Kibarua wa shamba! Wataalamu wengi wanaona kwamba kibarua aligeuka kondoo kwa sababu ya mwandiko: sauti "lu" ya mtu iliweza kuandikwa kwa alama ya "lu" nyingine, ambayo maana yake ni kondoo, basi polepole kondoo akashika nafasi ya mtu. Mbuzi wetu alikuwa mbuzi mwenye mkia wa samaki. Mizani ilikuwa mizani tangu mwanzo, *zibanitu*, ingawa Ptolemy aliziita nyota hizo makucha ya Nge. Kaa kwa Kiarabu ni *saratani*, na hilo jina lingine unalijua kutoka hospitali: Wagiriki waliuita ugonjwa ule kwa jina la kaa, Waarabu wakafuata, nasi tukapokea.

Nge tunapaswa kumdai. Umbo lake ni nge kweli, mwenye mkia uliopinda na nyota nyekundu kifuani. Leo ukiwa Baghdad, hiyo nyota nyekundu haipandi zaidi ya nyuzi 30 hivi kutoka upeo wa kusini, theluthi moja tu ya safari ya kufika utosini. Ukiwa Dodoma, inapanda hadi nyuzi 70. Julai na Agosti, anga ikiwa haina wingu, toka nje kama saa mbili na nusu usiku uinue kichwa upande wa kusini. Unamwona mzima, mkia na mwiba wake, kuliko wanavyomwona leo watu wa nchi aliyopewa jina.

Mpaka hapa unaweza kufikiri kwamba majina yote ya nyota tuliyapokea kwa jahazi. Hapana. Kuna kundi moja ambalo Kiswahili kilikataa kulibadili jina, ingawa Kiarabu kilikuwa na jina zuri sana kwa ajili yake, Thuraya. Ni lile fungu dogo la nyota sita hivi zilizobanana kama punje zilizomwagika. Tunaliita Kilimia.

Jina limetokana na kulima, wala huhitaji kamusi. Wazulu na Waxhosa, zaidi ya kilomita 2,500 kusini mwa Dodoma, wanaliita isiLimela. Wasotho na Watswana, selemela. Ni mzizi uleule wa kulima kwa lugha za Kibantu ambazo hazijakutana kwa karne nyingi. Waxhosa wanauita mwezi wa Juni kwa jina la fungu hili, na zamani mwanamume alihesabu miaka yake ya utu uzima kwa idadi ya isiLimela alizoziona tangu atoke jandoni. Kwa hiyo jina hili ni la wakulima wenyewe, na nadhani ndiyo maana Thuraya haikupata nafasi: kiti kilikuwa na mwenyewe.

Wababeli nao waliliheshimu fungu hili kupita kiasi. Waliliita MUL.MUL, yaani "Nyota", kwa kurudia neno mara mbili, kana kwamba nyingine ni nyota za kawaida tu. Katika orodha ya makundi ambayo Mwezi hupitia, MUL.MUL linatajwa la kwanza. Na walilipa kazi nzito ambayo inafaa tuielewe vizuri, maana hapo ndipo majina ya nyota yanapoacha kuwa hadithi na kuwa chombo.

Shida ilikuwa hii. Kalenda yao ilikuwa ya mwezi mwandamo, na miezi 12 ya mwandamo ni siku 354. Jua linahitaji siku 365. Tofauti ni siku 11 kila mwaka. Wewe unaijua tofauti hii: ndiyo inayofanya Idi isogee mbele mwaka hadi mwaka, mara iangukie kiangazi, mara masika. Kwa ibada hakuna tatizo. Kwa mkulima ni balaa: miaka mitatu tu, na "mwezi wa kupanda" umeshatangulia msimu kwa mwezi mzima. Dawa ni kuongeza mwezi wa 13 mara mojamoja. Lakini utajuaje ni mwaka upi?

MUL.APIN inatoa kanuni ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuifuata. Tazama mwezi wa kwanza wa mwaka, Nisannu. Ikiwa Mwezi unakutana na fungu la MUL.MUL siku ya 1 ya mwezi huo, mwaka ni wa kawaida. Ikiwa unakutana nalo siku ya 3, ongeza mwezi.

Mbona inafanya kazi? Twende taratibu. Mwezi husogea kati ya nyota kama nyuzi 13 kwa siku. Kuchelewa siku mbili kukutana na Kilimia ni sawa na nyuzi 26. Yaani mwezi ulipoandama, Jua lilikuwa nyuma ya mahali pake pa kawaida kwa nyuzi 26 hivi. Jua nalo husogea kama nyuzi moja kwa siku. Kwa hiyo kalenda imetangulia msimu kwa siku 26 hivi, karibu mwezi mzima. Ongeza mwezi, mambo yanakaa sawa. Hakuna darubini, hakuna kikokotoo, ni macho na fungu la nyota.

Usidhani lilikuwa jambo la wasomi peke yao. Ipo barua ya mfalme Hammurabi, aliyetawala karne ya 18 KK, akimwagiza ofisa wake kwamba mwaka una pengo, kwa hiyo mwezi unaofuata uandikwe kuwa Ululu wa pili. Halafu anaongeza: kodi iliyopaswa kufika Babeli tarehe 25 ya mwezi wa Tashritu ifike tarehe 25 ya huo Ululu wa pili. Yaani mwezi umeongezwa, lakini siku za kulipa kodi hazijaongezwa. Serikali ni serikali.

Turudi kwetu. Uwanda wa kati hauna mzaha na tarehe. Dodoma hupata mvua milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na zote huja kwa msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili. Wenzetu wa Kagera wakikosea vuli wanasubiri masika. Hapa ukikosea umekosea mwaka. Ndiyo maana wakulima wengi husafisha shamba mapema na kupanda bila kulima, kile wanachokiita kuberega, ili mvua ya kwanza isipotee bure. Na ndiyo maana historia ya Ugogo inakumbuka njaa kwa majina, kama Mtunya ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo ukame ulikutana na nafaka na mifugo iliyokwisha kuchukuliwa na majeshi.

Sasa fuata Kilimia mwaka mzima ukiwa Dodoma. Katikati ya Novemba, kiza kikishaingia, kinachomoza kaskazini mashariki. Ardhi ingali kavu, majembe yanatafutiwa mipini. Mwanzoni mwa Februari, giza linapoingia, kiko juu upande wa kaskazini, na shambani ni palizi. Mwezi wa Aprili kiko chini magharibi jioni. Mwanzoni mwa Mei kinapotea kwenye mwanga wa machweo, mvua nazo zimekatika. Kinarudi Juni, alfajiri, mashariki, kwenye baridi na anga kavu. Kuna msemo wa pwani kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nusu ya pili ni hiyo ya Mei na Juni, haina utata. Nusu ya kwanza mimi naisoma kwa Novemba: alfajiri kinazama nchi ikiwa kavu, jioni kinazuka mvua zikiwa mlangoni.

Angalizo, maana hapa ndipo watu huteleza. Kilimia hakileti mvua wala hakiitabiri. Nyota hizo ziko umbali wa miaka ya nuru zaidi ya 400, hazijui habari za Bahi wala Kongwa. Kinachofanya ni kukuambia tarehe. Kwamba sasa ni Novemba, kaa tayari. Kama mvua ya mwaka huu itaanza wiki hii au itachelewa hadi Krismasi, hilo linategemea joto la Bahari ya Hindi na mwenendo wa pepo, na wa kumsikiliza ni Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa mvua za Msimu. Saa ya ukutani haikupikii chakula, lakini bila saa utachelewa.

Na hata saa hii inachelewa kidogokidogo. Dunia inazunguka kama pia, na kama pia yoyote mhimili wake unayumba, taratibu mno: mzunguko mmoja wa kuyumba ni miaka 26,000 hivi. Matokeo yake Jua linakutana na nyota zilezile kwa kuchelewa siku moja kila miaka 72, ukilinganisha na majira. Zama za MUL.APIN, Jua lilipishana na Kilimia mapema Aprili kwa hesabu ya kalenda yetu. Leo ni karibu na tarehe 20 Mei. Wiki sita zimeteleza. Kanuni ya siku ya 1 na siku ya 3 ukiitumia leo kwa miezi yao itakupotosha.

Hili linawagusa pia wa ukurasa wa gazeti. Tarehe za "nyota" ziligandishwa zamani, anga ikaendelea kusogea. Kama umezaliwa tarehe 1 Septemba gazeti linakuita Mashuke, lakini siku hiyo Jua limepanga mbele ya nyota za Simba, na halifiki kwenye nyota za Mashuke mpaka katikati ya Septemba. Sikuambii ubadilishe utabiri wako. Nakuambia tu angani kuna nini.

Kama unataka kuyaona mashuke yenyewe, ngoja mwishoni mwa Mei, wakati mtama unavunwa. Toka nje saa tatu na nusu usiku, mbali kidogo na taa za mji, ambazo tangu serikali ihamie huku zinaongezeka kila mwaka. Tazama kaskazini, chini kidogo, utaona nyota saba zenye umbo la upawa uliopinduliwa, mpini ukielekea kulia. Ufuate mpini unavyopinda kwenda juu. Utakutana kwanza na nyota kubwa yenye rangi ya chungwa. Usisimame, endelea na mpindo uleule, kichwa kikiwa kimelala nyuma kabisa. Nyota nyeupe iliyo karibu na utosi wako, peke yake, yenye rangi ya samawati kwa mbali, ndiyo shuke la Shala.

Halafu Kilimia kikirudi alfajiri ya Juni, muulize bibi au babu kinaitwaje kwa lugha ya nyumbani, na shambani kilikuwa kinaamuru kazi gani. Uandike jibu kabla hujalala.